Tofali na Historia ya Makazi Kampala

Neno tofali tunalolifundisha darasani limo pia katika Kiganda: ettoffaali. Historia yake inasomeka juu ya vilima vya Kampala. Pale Namirembe, kanisa la matete na nyasi liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Lile la matofali, lililokamilika 1904, liliezekwa nyasi, likateketezwa na radi mwaka 1910. La sasa, la matofali na vigae, lilikamilika 1919. Tangu hapo tofali likawa alama ya nyumba ya kudumu. Hata baada ya Makaburi ya Kasubi kuungua Machi 2010, mchango wa Buganda wa mwaka 2013, uliosaidia kuyajenga upya, uliitwa Ettoffaali.

Lakini tofali la kuchoma hula kuni nyingi, na udongo wake huchimbwa mabondeni. Ndiyo maana Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliendeleza tofali la udongo na saruji kidogo, linaloshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Basi tunapofundisha neno hili, tuwaulize wanafunzi wetu: Kampala inayohitaji nyumba nyingi itajengwa kwa tofali lipi?