Mpokezano ndilo neno

Orodha ya istilahi za sanaa iliyozungushwa kwa walimu wetu hapa Singida imenikosesha raha kwa neno moja: "maiti murua". Ndivyo kamati fulani ilivyoamua kuuita utaratibu wa wasanii kupeana kazi ambayo haijakamilika, kila mmoja akaongeza chake na kumwachia mwingine. Utaratibu wenyewe msomaji anaujua. Nashughulika na jina.

Jina hilo limetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kifaransa. Mwaka 1925 jijini Paris, André Breton, Yves Tanguy, Jacques Prévert na wenzao walikunja karatasi, kila mtu akaandika bila kuona alichoandika aliyemtangulia. Maneno ya mwanzo ya sentensi iliyotokea ndiyo yaliyogeuka jina la mchezo. Yalitokea kwa bahati tu, na hatuna sababu ya kuyarithi. Ukienda Ikungi au Kiomboi ukawaalika wanakwaya watengeneze maiti, hata ikiwa murua, umewakosea adabu. Kwetu maiti husitiriwa.

Neno langu ni mpokezano. Chimbuko lake ni poka, yaani kutwaa, hasa kwa nguvu. Upande wa ubaya tumepata pokonya, na upande wa uungwana tumepata pokea. Pokea ikazaa pokeza, pokeza ikazaa pokezana. Hapo kwenye -an- ndipo penye uzito wote, kwa kuwa kiambishi hicho kinadai watu zaidi ya mmoja wanaotendeana. Ukitanguliza m- na kumalizia na -o umepata nomino, sawasawa na mkutano, mgongano, mlingano na mchuano. Niliiandikia kamati haya yote kwa utulivu. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba neno langu "lina harufu ya riadha", kwa sababu ya mbio za kupokezana vijiti. Hoja hiyo inaletwa katika mkoa uliomlea Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025! Anayekabidhiwa kijiti hupokea mbio ambazo hazijaisha, na hiyo ndiyo maana tunayoitafuta.

Yuko pia mwandishi mwenzangu anayeshikilia "sanaa kiporo". Kiporo ni chakula kilicholala, na siku hizi ni mradi au kesi iliyokwama. Kinataja hali ya kazi, hakimtaji anayeipokea. Wa "kolabo" siwasumbui: hao ni wawili katika wimbo mmoja, na neno lao lina kazi yake tayari.

Wapo watakaouliza kwa nini nisichukue takhmisi. Naiheshimu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, anatajwa kuwa ndiye aliyezipokea beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo na kuzitia mishororo yake hadi kila ubeti ukawa na mishororo mitano. Lakini takhmisi imetokana na khamsa, tano, kwa hiyo imefungwa kwenye hesabu ya mishororo. Haiwezi kubeba picha, kinyago wala muziki.

Mpokezano unaubeba muziki bila shida. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akisoma uchungaji Makumira, aliipokea lahani ya Wahaya akaitia maneno ya Kiswahili: "Mfurahini, Haleluya". Howard Olson, mmisionari aliyeandika tasnifu kuhusu Kirimi, lugha ya Wanyaturu wa hapa kwetu, akaupokea wimbo huo na kuutia Kiingereza, ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya Marekani. Aliyeianza lahani hatumjui kwa jina, na hakuna kati ya hao watatu aliyeketi na mwenzake wote wakaumba wimbo kwa siku moja. Ushirikiano ni neno pana mno kwa jambo hilo.

Matumizi: mpokezano, wingi mipokezano, ngeli ya U-I, picha ya mpokezano, shairi la mpokezano, anayeanza ni mwanzishi, anayefuata ni mpokezi.