Nani Alivumbua Fonografu?

Katika vitabu vya shule jibu ni neno moja: Edison. Mwanafunzi ajibuye hivyo hupewa pointi zake zote. Lakini wako Wafaransa wawili waliotangulia katika njia ile ile, na habari zao zatuhusu sisi watu wa Kanisa pia, maana jina la fonografu lilipewa mashini hiyo katika gazeti la mapadri, kabla Edison hajaonyesha yake kwa watu.

Wa kwanza ni Édouard-Léon Scott de Martinville wa Paris, mtu wa kazi ya kupiga chapa. Hakuwa mtaalamu wa mashini. Alipenda sana mambo ya maandiko, hata mwaka 1849 alitoa kitabu juu ya historia ya mwandiko wa mkato, ule wa kufuata upesi maneno ya msemaji. Siku moja, alipokuwa akisahihisha kurasa za kitabu cha elimu ya mwili, aliona picha za sikio: kile kingozi chembamba kinachotikiswa na sauti, na vifupa vinavyokifuata. Akawaza: kama Mungu aliumba sikio hivi, mbona tusitengeneze sikio lingine, lenye kuandika? Basi akatengeneza faneli kubwa, akafunga kingozi mwishoni, akabandika juu yake unywele mgumu wa nguruwe. Mbele ya unywele huo ilizunguka karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Mtu aliposema ndani ya faneli, unywele ulitikisika na kukwaruza mstari wa mawimbi katika masizi. Tarehe 25 Machi 1857 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Tuangalie vizuri alichotaka. Scott hakutaka kuisikia sauti tena. Alitaka sauti ijiandike yenyewe, kusudi watu waisome kwa macho kama tusomavyo barua. Kwake karatasi ile ilikuwa mwisho wa kazi.

Wa pili ni Charles Cros, mshairi, mwenye akili nyingi na fedha kidogo. Yeye aliwaza kinyume: ikiwa sauti yaweza kuchora mstari, basi mstari wenyewe ukichongwa katika chuma utaweza kuitikisa ncha ya sindano, sindano itatikisa kingozi, na kingozi kitarudisha sauti. Mawazo haya yalikuwa sahihi kabisa. Tarehe 30 Aprili 1877 aliyaweka katika barua iliyofungwa, akaikabidhi kwa Académie des sciences ya Paris. Barua iliyofungwa yamlinda mwenyewe na wezi. Kwa bahati mbaya yamficha pia na wale ambao wangemsaidia. Cros hakujenga mashini. Rafiki yake, Padri Lenoir, ndiye aliyeandika habari ya jambo hili katika La Semaine du Clergé ya tarehe 10 Oktoba 1877, na humo aliiita fonografu. Kwa maoni yangu padri huyu alifanya kazi kubwa kuliko alivyojua. Bila ukurasa wake, wengi wangedhani Cros alijidai tu baada ya kusikia habari za Marekani.

Huko Marekani, Edison alikuwa akitafuta jambo lingine: namna ya kuhifadhi alama za telegrafu na kuzipeleka tena upesi. Katika kazi hiyo akagundua kwamba sauti ya mtu nayo yaweza kuacha alama na kurudi. Alikuwa na uziwi tangu ujana wake. Mtu asiyesikia vizuri ndiye aliyeifanya mashini isikike. Alichora mchoro, akampa fundi wake John Kruesi: silinda yenye mfereji, utando mwembamba wa bati uliozungushwa juu yake, na sindano. Mwanzoni mwa Desemba 1877 Edison akakariri ndani yake shairi la watoto juu ya mwana-kondoo, na mashini ikamrudishia maneno. Siku zile zile, tarehe 3 Desemba, barua ya Cros ilifunguliwa mjini Paris.

Mwezi wa Machi 1878 mashini ya Edison ilionyeshwa kwa wataalamu wa Académie. Flammarion, mtaalamu wa nyota, alisimulia kwamba daktari mmoja mzee, Bouillaud, alikataa kata kata: akasema ni mtu anayesema kwa tumbo, chuma hakiwezi kuwa na sauti ya binadamu.

Cros hakulipwa kitu. Scott alikasirika zaidi. Katika mwaka 1878 alitoa kitabu, akasisitiza kwamba kuandika sauti ndiko kulikokuwa kazi yenyewe, na kwamba Edison hakuifanya. Watu hawakumsikiliza. Akafa mwaka 1879. Mimi nasema Edison alistahili heshima ya kuisemesha mashini, maana kati ya wazo na kitu kinachofanya kazi pana jasho jingi. Ila heshima ya kuinasa sauti mara ya kwanza ni ya Scott.

Bati la Edison lilichakaa baada ya kuchezeshwa mara chache. Wengine wakaleta nta, na Emile Berliner akaleta sahani bapa mwaka 1887. Kwa njia ya silinda za nta tunayo sauti ya Baba Mtakatifu Leo XIII, iliyonaswa mwaka 1903 naye akiwa na miaka 92: asali Ave Maria na kutoa baraka kwa Kilatini. Aliaga dunia mwezi wa Julai mwaka ule ule.

Na zile karatasi za masizi? Zilikaa kimya katika hifadhi za Paris. Mwaka 2008 wachunguzi wa Marekani walipiga picha karatasi moja ya tarehe 9 Aprili 1860, wakaifanya ordinateri ifuate mstari wake kama sindano. Wakasikia wimbo wa Kifaransa, Au clair de la lune, kwa sauti wakadhani ni ya msichana. Mwaka uliofuata waligundua kwamba waliuchezesha mbio mara mbili. Ni sauti ya mwanaume, aimba polepole sana, na yadhaniwa kuwa Scott mwenyewe.