Ndege wadogo wa uani Kigoma na Ujiji: jinsi ya kuwatambua na kuwaweka karibu bila tundu

Mama akikaa uani kupeta mchele, pale Ujiji au Mwanga, kuna wageni huwa wanasubiri. Akimwaga tu chuya na kugeuka, wanashuka wawili watatu, wanadonoa haraka haraka, mtoto akipita wanaruka hadi kwenye ua. Uliza ni ndege gani, jibu ni lile lile: "Shomoro hao."

Wengi wao siyo shomoro.

Kigoma inasifika kwa dagaa, mawese na sokwe wa Gombe. Ni wachache wanaojua kwamba hifadhi hiyo hiyo ina aina zaidi ya 200 za ndege, na kwamba baadhi yao hawahitaji boti wala kiingilio. Wapo nyuma ya jiko.

Lini wanaonekana zaidi?

Huko Ulaya na Marekani watu hutundika vyakula vya ndege wakati wa baridi, theluji inapofunika kila kitu. Kwetu hakuna theluji. Kinachowasogeza ndege kwenye nyumba ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Majani yamekauka, mbegu za porini zimepungua, vidimbwi vimekwisha. Ziwa lipo, ndiyo, lakini ndege wa gramu 8 hapendi kunywa mahali penye mawimbi na pasipo na kichaka cha kukimbilia. Kwa hiyo kwa miezi hiyo maji huwavuta kuliko hata chakula.

Nani ni nani

Mshigi mwekundu ndiye rahisi kuanza naye. Ni mdogo sana, kama sentimita 10, na dume ni mwekundu kichwani na kifuani, na mdomo wake pia ni mwekundu. Jike ni wa kahawia, ila ukimtazama vizuri ana wekundu kidogo mbele ya jicho na vidoa vyeupe ubavuni. Hawa hutembea jozi, na hawana woga sana. Wanaweza kuingia mpaka mlangoni.

Yupo na ndugu yake wa rangi ya buluu ya anga, tumbo na mkia, mgongo wa kahawia. Ukiona doa jekundu shavuni, huyo ni dume.

Tongo ni mdogo zaidi. Kichwa cheusi kinachoelekea kahawia, tumbo jeupe, mdomo mweusi juu na wa kijivu chini. Huyu haji peke yake. Wanakuja kumi, ishirini, wanakaa kwenye waya wamebanana bega kwa bega kama abiria wa Hiace. Vifaranga wao wakishakua kidogo ni wa kahawia tupu, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa.

Shomoro mwenyewe ni mkubwa kuliko wote hao, karibu sentimita 15, mnene, mdomo mfupi mgumu. Wa asili ana kichwa cha kijivu. Yule dume mwenye koo jeusi ni shomoro wa mjini, mgeni aliyeenea Afrika baada ya kuletwa na watu.

Kisha kuna fumbwe, na huyu anastahili maelezo zaidi. Masika dume huwa mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, na mkia mrefu kupita mwili wake. Ni mgomvi kweli: anaweza kuwafukuza ndege wote penye chakula, hata waliomzidi ukubwa. Lakini kiangazi kikifika mkia unanyonyoka, rangi inapotea, anabaki na michirizi ya kahawia kama jike. Mdomo mwekundu tu ndio unamtoa.

Fumbwe hajengi kiota. Jike hutaga mayai kwenye kiota cha mishigi, na wenye kiota wanalea wasichokizaa. Jamaa yake mmoja, mweusi anayeng'aa kibuluu, amemchagua mshigi mwekundu. Kifaranga chake huwa na alama mdomoni zinazofanana na za vifaranga wa mshigi, na dume akikua huimba nyimbo za mshigi aliyemlea. Tofauti na watoto wa ndege wengine wenye tabia hii, huyu hawasukumi wenzake nje ya kiota. Wanakula pamoja.

Chozi haji kwenye nafaka kabisa. Mdomo wake mrefu uliopinda ni wa kunyonya maua, hasa ya mgomba. Kuna mmoja dume mweusi mwenye kifua chekundu kama moto, na ndiye anayeonekana akipigana na kioo cha pikipiki. Anajiona mwenyewe akadhani ni adui. Funika kioo kwa soksi, ugomvi utaisha.

Siyo kila mdogo ni kwelea kwelea

Hili lina madhara. Kwa kuwa kwelea kwelea humaliza mashamba ya mtama na mpunga, watoto wenye manati na urimbo hupewa ruhusa ya kupiga ndege yeyote mdogo. Kwelea kwelea huja kwa makundi makubwa sana, yanayogeuka angani kama moshi. Mishigi wawili wanaookota chuya uani hawajamwibia mtu chochote. Mbegu wanazokula kwa wingi ni za majani, yale yale ambayo mkulima anayapalilia.

Kuwaweka karibu

Sahani ya udongo au kifuniko cha ndoo kinatosha, maji ya kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kukanyaga. Weka karibu na kichaka lakini siyo ndani yake, paka asije akajificha.

Maji hayo yamwagwe kila siku na chombo kisuguliwe. Siyo suala la usafi tu. Mbu anahitaji takriban wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, na Kigoma ni mkoa unaojua malaria. Sahani ya ndege iliyosahaulika ni kitalu cha mbu.

Chakula: ulezi, uwele, mtama, chuya, chenga za mchele. Kiasi cha kiganja asubuhi, kiishe. Mahindi yenye ukungu usiwape, sumukuvu inaua ndege kama inavyodhuru watu. Mabaki yenye chumvi nayo hapana.

Kama unafuga kuku, sehemu ya ndege iwe mbali na banda na mbali na maji ya kuku. Ndege wa porini wanaweza kuleta kideri, na kideri kikiingia kinafagia banda zima. Chanjo yake ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na haina mbadala.

Tundu je? Mshigi anauzwa, na kwa miaka mingi ndege wa Tanzania walisafirishwa nje kwa maelfu, mpaka Umoja wa Ulaya ulipofunga milango kwa ndege wa porini na, mwaka 2016, serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwakamata bila kibali. Sahani ya maji ni bei nafuu zaidi.

Wageni kutoka kwenye baridi

Mvua zikianza, karibu Oktoba, wanaingia wale wanaoikimbia baridi ya Ulaya. Mbayuwayu mwenye koo la rangi ya matofali na mkia wa panda hupita chini chini juu ya maji na nyasi. Kwenye miembe huwa kuna kindege cha kijani kilichofifia, kifua cha manjano kidogo, hakitulii. Kina uzito wa gramu 10 hivi na kimevuka jangwa la Sahara. Hawa hawali nafaka, wanakula wadudu, kwa hiyo mwembe usiopuliziwa dawa ndiyo meza yao.

Kwa mwenye simu, programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure. Ukishapakua ndege wa Tanzania inafanya kazi hata bando likiisha. Piga picha ya ubavu, mdomo uonekane, na jua liwe nyuma yako. Ifikapo Aprili mbayuwayu hao wataondoka, na fumbwe dume atakuwa na mkia wake.