Kiapo Kilichotangulia Kanisa: Ukristo, Sheria na Mifugo Turkana

Mwaka 1973 wazee wa Turkana na wa Wamatheniko, Wakaramoja wa upande wa Moroto nchini Uganda, walikutana Lokiriama, magharibi mwa Loima, karibu na mpaka. Wakazika silaha ardhini, wakaapa kwamba hawataporana mifugo tena wala kumwaga damu baina yao. Mapatano hayo hayamo katika kitabu chochote cha sheria, kiwe cha Nairobi au cha Kampala. Hata hivyo, kila Septemba watu humiminika Lokiriama kuyaadhimisha. Serikali ya kaunti huja na mahema na vipaza sauti, na viongozi wa makanisa hupewa nafasi yao ya kuomba. Pale wao ni wageni waalikwa. Kiapo chenyewe hakikuwasubiri.

Kwingi Afrika Mashariki, Biblia na sheria ya Mwingereza vilifika vimeandamana, hata mwenyeji hakuona tofauti ya padri na bwana shauri. Turkana mambo yalikwenda kinyume. Sheria ilitangulia na bunduki. Kanisa lilikuja zaidi ya miaka 40 baadaye, wakati wa njaa. Naona kutangulia huko kwa moja na kuchelewa kwa jingine kumeacha alama ambayo hadi leo haijafutika Lodwar, Kakuma na mpakani.

Anayedhani kuapishana kwa ajili ya mifugo ni mambo ya wafugaji wa nchi kame tu, na aangalie Ufaransa ya miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 989 maaskofu walikutana katika abasia ya Charroux wakatamka laana ya Kanisa kwa yeyote atakayempora mkulima au maskini kondoo, ng'ombe, punda, mbuzi au nguruwe wake. Mfalme alikuwa dhaifu, na mabwana wenye farasi na panga walivamia vijiji walivyotaka. Maaskofu hawakuwa na jeshi. Walichokuwa nacho ni hofu ya Mungu na masalia ya watakatifu, na katika mikutano ya namna hiyo iliyofuata wapiganaji waliapishwa mbele ya masalia hayo. Mwaka 1027, huko Toulouges, wakapiga marufuku mapigano kuanzia Jumamosi alasiri hadi Jumatatu asubuhi. Juhudi hizo zote ziliitwa Amani ya Mungu. Ilivunjwa mara nyingi, lakini ilikuwa sheria, tena mahali ambapo dola haikuweza kutunga sheria ya kutiiwa. Mzee wa Kiturkana angeielewa bila mkalimani.

Baadaye Kanisa la Magharibi lilijenga jumba kubwa la sheria zake. Mnamo 1140 Gratian, mwalimu wa Bologna, alikusanya kanuni zilizotawanyika na kuzipatanisha katika kitabu kimoja. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliwakataza mapadri kubariki majaribu ya moto na maji yaliyotumika kumtambua mkosaji. Chuma cha moto kisichobarikiwa kikawa chuma tu, na Uingereza ikalazimika kuwageukia raia walioapishwa ili waseme nani ana hatia. Mahakama za Kiingereza zilizokuja kutuhukumu sisi, pamoja na Biblia iliyowekwa kizimbani ili shahidi aishike, ni wajukuu wa uamuzi ule.

Zilitufikia kupitia maagizo ya Mfalme. Agizo la 1902 kwa Himaya ya Afrika Mashariki liliruhusu mahakama kufuata mila za wenyeji ilimradi zisiwe chukizo kwa haki na maadili. Maadili ya nani? Agizo halikusema, wala halikuona haja. Tayari mwaka 1866, katika kesi ya Hyde, mahakama ya London ilikuwa imetamka kwamba ndoa, kama inavyoeleweka katika nchi za Kikristo, ni muungano wa hiari wa mume mmoja na mke mmoja kwa maisha yao yote. Mwaka 1917 Jaji Mkuu Hamilton akatumia kipimo hicho hicho hapa katika kesi ya Amkeyo: mwanamke aliyeolewa kimila alilazimika kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kwa kuwa machoni pa mahakama hakuwa mke. Jaji aliona mahari ni ununuzi wa mwanamke. Tanganyika, mwaka 1938, Jaji Wilson alisema waziwazi kwamba kipimo cha haki na maadili ni cha Mwingereza. Kwa hiyo Ukristo, au tuseme Ukristo wa tabaka fulani la Waingereza, uliingia mahakamani umevaa joho la hakimu na haukujitaja jina.

Turkana ulifika hata kabla ya mmishonari wa kwanza. Serikali iliitangaza nchi hiyo wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Chini ya Lowalel, emuron aliyesikilizwa kama mtu wa kuona mambo ya Mungu, na Ebei, kiongozi wa vita, Waturkana walipigana na majeshi ya Mwingereza hadi msafara wa kijeshi wa Labur wa mwaka 1918 ukavunja nguvu zao. Mifugo ilitekwa kwa makundi. Utawala wa kijeshi uliendelea hadi 1926, mwaka ambao mkoa wa Rudolf ulihamishwa kutoka Uganda kwenda Kenya. Silaha ya kisheria ilikuwa adhabu ya jumla: mtu mmoja akikosa, ng'ombe wa ukoo mzima wanachukuliwa. Hapa pana kejeli ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa kabisa mwana kubebeshwa kosa la babaye, na hatia ya mtu binafsi ni fahari ya sheria ya Kikristo. Waliokuja na Biblia mkono mmoja wakaiweka kando walipofika kwenye zizi la Mturkana.

Sheria iliitumia Turkana pia kama jela. Baada ya Jaji Thacker kuwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, walipelekwa Lokitaung. Kati yao alikuwa Bildad Kaggia, aliyewahi kuliacha Kanisa la wamishonari na kuanzisha kundi lake la Kikristo. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar. Kwa Mkenya wa wakati huo, Lodwar lilikuwa jina la mahali anapotupwa mtu asiyetakiwa kurudi upesi.

Kisha ikaja njaa ya 1960 na 1961. Mlango ukafunguliwa, na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patriki, wale wa Kiltegan kutoka Ireland, wakaingia. Wainjilisti wa Africa Inland Mission nao walikita kambi Lokori. Kanisa halikuja kuhukumu. Lilikuja na chakula, kisha zahanati, visima na shule. Mwaka 1968 Roma iliunda eneo la kitume la Lodwar, na mwaka 1978 likawa jimbo kamili chini ya Askofu John Mahon. Wenyeji walikuwa tayari na utaratibu wao. Wanaume waliketi katika akiriket, mkutano wa sadaka na nyama, wakajipanga kwa pande zao mbili, Ngimor na Ngirisae, baba upande huu na mwana upande ule. Pale waliomba, pale waliamua. Padri Anthony Barrett, mmoja wa Wakiltegan, aliandika kitabu kizima kuhusu sadaka na unabii wa Waturkana, na kazi kama hiyo inaonyesha kwamba baadhi ya wamishonari walikuwa wamekaa chini kusikiliza.

Penye ndoa ndipo palipowashinda. Ndoa ya Kiturkana hutembea polepole. Watu huishi pamoja, watoto huzaliwa, mifugo hulipwa kwa awamu, na siku ya akuuta, dume linapochinjwa nyumbani kwa bibi harusi, ndipo mambo hukamilika. Huenda miaka mingi ikapita. Kwa Kanisa, wawili hao wanaishi bila ndoa na hawapokei komunyo, hata wakiwa na wajukuu. Na mwenye wake watatu je? Waanglikana, katika Mkutano wa Lambeth wa 1888, walikataa kumbatiza. Mwaka 1988 walikubali abatizwe pamoja na wake zake, mradi asiongeze mwingine. Wakatoliki, katika kanuni ya 1148 ya sheria ya mwaka 1983, humruhusu abaki na mmoja, huku wakimtaka ahakikishe wale wengine wanatunzwa kwa haki. Utunzaji gani humfaa mwanamke aliyeachwa nchi ya ukame, mbali na zizi alilolijenga mwenyewe? Kwa maoni yangu, Lambeth ya 1988 ilikuwa na huruma kuliko kanuni.

Dola nayo, jambo la kushangaza, iliacha zizi la Mturkana kwa mila. Sheria ya Urithi ya Kenya ilipoanza kazi mwaka 1981, Turkana iliwekwa katika orodha ya wilaya ambazo mifugo na mashamba ya marehemu asiyeacha wosia hugawanywa kimila. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikazikusanya chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za Kihindu, za Kiislamu na za kimila. Ya Kikristo ni ya mke mmoja. Ya kimila yaweza kuwa ya wengi. Makanisa yalilalamika sana kwamba mume ataongeza mke bila ridhaa ya wa kwanza. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, ingawa yangesikika vizuri zaidi kama wale wake walioachwa kwa ajili ya ubatizo wangetajwa pia.

Kakuma ni habari nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992 na vijana wa Sudan waliotembea mamia ya kilomita. Walikuja na wazee wao, makanisa yao na mabaraza yao. Wadinka na Wanuer waliendelea kuamua kesi kwa mila, faini zikihesabiwa kwa ng'ombe ambao hawakuwapo kambini. Kesi za madeni na matusi ziliisha vizuri. Msichana alipodhulumiwa, mara nyingine wazee waliona malipo kwa baba yake yanatosha, ilhali Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema hilo ni kosa dhidi ya msichana mwenyewe. Hapo sina shaka: sheria ya nchi iko sawa, na mchungaji anayeketi na wazee hao ana wajibu wa kusema hivyo.

Ndipo tunapofika kwenye Katiba ya 2010. Makanisa mengi yaliipinga kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu kuhusu utoaji mimba, nayo ikapita tarehe 4 Agosti kwa takriban asilimia 67. Utangulizi wake unamkiri Mungu Mwenyezi. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Lakini kinachoihusu Lokiriama ni kifungu cha 159, kinachoziagiza mahakama kukuza njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Mwaka 2013, katika kesi ya Mohamed Abdow, Mahakama Kuu ilikubali shtaka la mauaji liondolewe kwa kuwa familia za Kisomali zilikuwa zimelipana fidia, na mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki. Ila soma kifungu hicho cha 159 hadi mwisho: njia za jadi zisiwe chukizo kwa haki na maadili. Maneno ya 1902 yamevuka uhuru, yamevuka Katiba mbili, yako salama. Tofauti ni kwamba leo yametanguliwa na Sheria ya Haki za Binadamu, na hakimu wa Lodwar anayeyatumia ana kipimo cha kikatiba mkononi. Hana sababu ya kuazima kile cha Jaji Hamilton.

Na kiapo cha 1973 je? Hakikuwa cha malaika. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, Wamatheniko walivunja ghala la silaha la kambi ya Moroto, na urafiki wa pande mbili ukageuka wakati mwingine kuwa muungano wa kuvamia wengine. Lakini kati yao wenyewe umedumu kiasi kwamba ukame ukizidi Waturkana huvuka hadi Kobebe kunywesha mifugo. Septemba 2019 Marais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Yoweri Museveni wa Uganda walitia saini Moroto mkataba wa amani na maendeleo ya mpakani, karibu nusu karne baada ya wazee. Mwaka 2022 wataalamu watatu wa madini waliuawa Karamoja, Waturkana wakalaumiwa, na mkono wa sheria ukawa mzito: Aprili 2023 mahakama ya kijeshi iliwafunga Waturkana 32 miaka 20 kila mmoja kwa kupatikana na silaha, na Mei hiyo hiyo amri ya Rais Museveni ikawazuia wenye bunduki kuingia Uganda. Adhabu ya jumla nayo ikarudi kwa jina jipya, kwani amri hiyo iliruhusu ng'ombe wa Waturkana kuchukuliwa kufidia walioibwa. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa katika mahakama za kijeshi.

Jimbo la Lodwar, jimbo la Moroto na kaunti ya Turkana wana kazi moja isiyohitaji bajeti kubwa. Kijana wa miaka 20 aliyesimama Lokiriama mwaka 1973 sasa amepita 70. Parokia zina watu wanaojua kusoma, kuandika na kurekodi sauti, tena wanaojua Kiturkana na Kikaramoja. Maneno ya kiapo kile, walioapa, walichozika na masharti waliyopeana yaandikwe sasa kutoka vinywani mwa waliokuwepo, kisha nakala ziwekwe katika mahakama za Lodwar na Moroto ili hakimu anayetakiwa na Katiba kuheshimu njia za jadi awe na kitu cha kusoma.