Historia ya waya za intaneti ndani ya majengo: kable moja ilikuwa inazima watu wote

Ndani ya maofisi, vituo vya afya na nyumba za radio huko Goma ao Bukavu, waya za intaneti zinapita ndani ya kuta na juu ya plafo bila mtu kuziangalia. Watu wanazikumbuka siku kompyuta zinakatika na mstari unasimama. Lakini waya hizo zina historia ndefu, na historia hiyo inaeleza kwa nini kazi mbaya ya fundi inaumiza watu wengi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka wa 1881, Alexander Graham Bell, anayejulikana kwa simu, alipata hati ya uvumbuzi huko Marekani kwa kusokota waya mbili pamoja. Waya mbili zikisokotwa, makelele ya umeme wa nje yanaingia ndani ya zote mbili karibu sawasawa. Mashine inayopokea inasoma tofauti tu kati ya hizo mbili, basi makelele yanajifuta.

Hata hivyo, kompyuta hazikuanza na waya hizo. Mwaka wa 1973, Robert Metcalfe na David Boggs, wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, walianzisha Ethernet. Kable moja nene ilipita ndani ya jengo, na kila mashine ikajishika kwake. Miaka ya 1980 ikaleta kable nyembamba zaidi, lakini shida ikabaki ileile: ikikatika mahali pamoja, mashine zote za mstari ule zinanyamaza. Fundi alipaswa kutembea chumba kwa chumba kutafuta pale palipoharibika.

Mwaka wa 1990, kanuni mpya ikarudisha waya za kusokotwa. Kila kompyuta ikapata waya wake mpaka kwenye boksi moja la katikati. Tangu hapo, waya mmoja ukikatika, mtu mmoja tu anazimika. Mwaka wa 1991, Marekani ikatoa kanuni ya namna ya kupitisha waya ndani ya majengo. Mpaka leo mafundi wanafuata kipimo kile: isipite metre 100, yaani 90 ndani ya ukuta na 10 za kamba za kuunganisha.

Ikabaki swali la kupima. Waya una nyuzi nane, jozi nne. Kipimo cha taa kinaonyesha tu kama uzi wa kwanza unafika kwenye nafasi ya kwanza, mpaka wa nane. Fundi akipanga jozi kandokando, 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, taa zote zinawaka. Lakini uzi wa 3 unapaswa kusokotwa na wa 6. Jozi zikiachana hivyo, makelele yanaingia, na intaneti inakuwa polepole ao inakatika-katika. Ndiyo sababu mwaka wa 1995 kukatoka kanuni ya kupima pia urefu, nguvu inayopotea njiani, na makelele kati ya jozi.

Goma inajua maana ya kujenga upya. Volkano ya Nyiragongo iliunguza sehemu ya katikati ya mji mwaka wa 2002, na majengo mengi yakasimama tena juu ya mawe ya lava. Kuna pia waya za bei chini zenye aliminyumu iliyopakwa shaba juu. Kanuni inataka shaba kamili, kwa sababu aliminyumu inavunjika upesi na inapoteza nguvu njiani.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili si la mafundi peke yao. Orodha za msaada na za wagonjwa zikiwa ndani ya kompyuta, waya mbaya unamfanya mama asimame tangu asubuhi na kurudi mikono mitupu. Mwenye jengo anaweza kuomba jambo moja mbele ya kulipa fundi: matokeo ya kipimo cha kila waya, yakiandikwa kwenye karatasi. Taa kuwaka hakutoshi.