Wewe ni wa Timu Gani?

Msomaji, vijana wa Kenya wanapozungumza habari za mpira, mgeni akiingia katikati yao hakawii kuulizwa swali moja: "Wewe ni wa timu gani?" Anayeulizwa hujibu Gor Mahia au Leopards, akiwa wa Kisii huenda akataja Shabana, na akiwa wa Mombasa huenda akataja Bandari. Siku hizi wengi hutaja timu za Uingereza, ambazo hawajapata kuziona ila katika televisheni. Lakini mimi sijamsikia hata mtu mmoja akijibu, "Mimi ni wa Harambee Stars." Si kwamba watu hawaipendi timu ya taifa. Kila mtu hudhaniwa kuwa wa timu hiyo tangu kuzaliwa, kama anavyodhaniwa kuwa raia, wala hapana haja ya kumwuliza. Timu ya klabu ni jambo jingine. Mtu huichagua mwenyewe, au hurithishwa na baba yake, na kwa sababu hiyo huitetea kwa maneno, na pengine, kwa bahati mbaya, kwa ngumi.

Wako wasemao kwamba mapenzi haya mawili hayapatani, na kwamba anayeipenda mno timu ya kwao hana moyo uliobaki wa kuipa nchi yake. Nami niliwahi kuamini hivyo. Lakini nilipoanza kuisoma historia ya mpira wetu niliona mambo yaliyonitia shaka, na hayo ndiyo ninayotaka kukuonyesha.

Jambo la kwanza ni la umri. Huenda ukadhani kuwa klabu zilitangulia, kisha timu ya taifa ikazaliwa kutokana nazo. Sivyo. Timu iliyoitwa Kenya ilicheza na Uganda mwaka 1926 kugombea Kombe la Gossage, lililopewa jina la mwenye kiwanda cha sabuni wa Kiingereza, nayo ikalitwaa kombe mwaka huo huo wa kwanza. Tanganyika ilijiunga na mashindano hayo mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Wakati huo wote Gor Mahia na Leopards zilikuwa bado hazijakuwako. Basi kwa miaka, timu ya Kenya ndiyo kaka mkubwa. Lakini Kenya ya mwaka 1926 ilikuwa koloni. Mtu wa Kisumu au wa Kakamega hakuulizwa kama anataka kuwa wa Kenya. Aliandikwa tu kitabuni, akatozwa kodi ya kibanda. Timu iliyobeba jina hilo ingempa fahari gani?

Kilichokuwa chake hasa ni watu wa kwao, na hakuwahitaji mno mpaka alipokwenda mjini. Katika miaka ya ukoloni Nairobi iliwaita watu kutoka pande zote waje kufanya kazi katika reli, katika maofisi, katika maghala na katika majiko ya Wazungu. Kwa miaka mingi mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti cha kazi kilichotiwa katika kikasha cha bati na kuning'inizwa shingoni. Siku sita za juma alikuwa mkono wa kazi tu. Siku ya saba alikwenda uwanjani Kaloleni au kwingineko, na huko alisikia lugha yake, alipata habari za mvua na za misiba ya nyumbani, akawaona vijana aliowajua wazazi wao wakicheza kandanda. Vyama vya kusaidiana, kama vile Luo Union, vilikuwa na kazi nyingi zisizohusu mpira, za kuwaunganisha na kuwasaidia watu walio mbali na kwao. Timu ya mpira ilikuwa mtoto wa vyama hivyo. Ndiyo maana naona ni kosa kumcheka mtu anayelia timu yake inaposhindwa. Hakufundishwa kulia na mpira. Alifundishwa na upweke wa mjini, yeye au babu yake.

Sasa tazama jinsi klabu hizi mbili kubwa zilivyoundwa, maana hapa ndipo nilipopata shaka yangu. Waluhya ni watu wa jamaa nyingi, na jina lenyewe la Abaluhya lilianza kuwaunganisha katika miaka ya 1930 na 1940 tu. Kila jamaa ilikuwa na timu yake mjini: Wamarama walikuwa na yao, Wabunyore yao, Wasamia yao. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, timu hizo zilikubali kuungana ziwe timu moja, Abaluhya. Fikiri maana yake. Mtu wa Bunyore aliyezoea kumzomea mchezaji wa Samia ilimpasa sasa amshangilie. Timu tunayoiita ya kabila, kana kwamba ni kitu chembamba kilichojifungia, kwa watu wale ilikuwa kuvuka mpaka. Vivyo hivyo Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa kwa Luo Union na Luo Stars, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Homa Bay, ambaye sifa zake zilijulikana na watu wote wa Nyanza. (Luo Union nayo ilifufuka baadaye ikacheza peke yake, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Ligi ya taifa ilikuwa imeanza mwaka 1963, na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa mwaka 1965, Abaluhya ikauchukua mwaka 1966 na 1967, na Gor Mahia ikaupata mwaka 1968, mwaka ule ule wa kuzaliwa kwake. Tangu hapo mashindano ya hizi mbili yakawa makubwa kuliko yote nchini. Watu waliipa mechi yao jina la mechi ya mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Mimi nalijua jina hilo kwa ndani. Baba yangu ni wa Gor. Mama yangu ni Mluhya, na kaka yake ni wa Leopards. Katika utoto wangu juma la mechi hiyo lilikuwa juma la mizaha isiyokwisha. "Shemeji, chai utakunywa baada ya mabao," baba angesema, na mjomba angeliacha kiti makusudi, akaketi mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

Sitaki kukuficha upande mbaya. Mizaha ya nyumbani ni kitu kimoja, na mawe ya uwanjani ni kitu kingine. Watu wameumizwa katika mechi hizo, na magari na viti vimevunjwa. Tena liko jambo ambalo halivunji kiti wala haliumizi kichwa, lakini naliona kuwa baya zaidi. Orodha ya wachezaji wa timu ya taifa inapotolewa, wako mashabiki wasioisoma ila kwa kuhesabu. Wetu ni wangapi? Wao ni wangapi? Na hesabu isipowapendeza husema kwamba kocha ana watu wake, na siku ya mchezo hukaa nyumbani wakiomba kimoyomoyo nchi yao ishindwe, ili ionekane kuwa walinena kweli.

Hapana shaka mambo ya namna hii yalikuwa katika mawazo ya serikali ya Rais Daniel arap Moi, ilipoamuru karibu na mwaka 1980 kwamba vyama vya kikabila vivunjwe na timu zenye majina ya kikabila zibadili majina hayo. Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia, lililo jina la mtu wala si la kabila, limedumu hadi leo. Amri hiyo ilikuwa na nia inayoeleweka, nami siidharau. Nchi changa huogopa kila ufa. Lakini ilibadili maandishi katika ratiba, haikubadili mtu hata mmoja kiti alichokalia uwanjani. Mjomba wangu hata sasa husema "Abaluhya", kwa kuwa ndivyo baba yake alivyosema.

Sasa nakuomba uitazame miaka hiyo hiyo kwa makini. Katika kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati, Abaluhya ilishinda mwaka 1979. Gor Mahia mwaka 1980 na 1981. Leopards mwaka 1982, 1983 na 1984. Kisha Gor tena mwaka 1985. Miaka saba mfululizo kombe halikutoka mikononi mwa mashemeji. Kama mapenzi ya klabu ni sumu ya taifa, basi miaka hiyo Harambee Stars ingekuwa mgonjwa kabisa. Kinyume chake, ilitwaa Kombe la Challenge la nchi za ukanda huu mwaka 1981 Dar es Salaam, mwaka 1982 Kampala, na mwaka 1983 Nairobi. Mlangoni alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyekuwa golikipa wa Leopards, ambaye watu walimwita "Kenya One". Mtu wa Pwani, katika klabu ya Waluhya, akipewa jina la nchi nzima na mashabiki wa kila upande! Sisemi kwamba ushindani wa klabu peke yake uliyaleta makombe hayo. Nasema kwamba haukuyazuia, na kwamba wachezaji walioyaleta walinolewa katika ushindani huo.

Lakini mwaka ninaoupenda kuliko yote kuusimulia ni 1987, kwa sababu mapenzi yote mawili yalijaribiwa katika uwanja mmoja. Uwanja wa Kasarani ulikuwa mpya. Ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika Nzima. Mwezi wa Agosti Harambee Stars ilifika fainali ya michezo hiyo, ikashindwa na Misri kwa bao moja kwa bila. Nchi ilinuna. Mwezi wa Desemba uwanja ule ule ukajaa tena, na mara hii waliocheza si taifa bali Gor Mahia, katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mchezo wa kwanza, kule Tunis, ulikuwa umekwisha kwa mabao mawili kwa mawili. Kwa kanuni za wakati huo, mabao yakilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi; basi Gor ilikuwa na akiba.

Mjomba wangu alikwenda Kasarani tarehe 5 Desemba pamoja na baba. Alikwenda, kama asemavyo mwenyewe bila haya, kuwaona Gor wakishindwa. Alitaka kuwa karibu ili aanze kumcheka shemeji yake papo hapo. Mchezo ulifika moja kwa moja. Dakika za mwisho kabisa bao moja tu la Watunisia lingelichukua kombe, na kila mpira ulioelekea kwa mlinda mlango wa Gor ulimwinua mjomba kitini. Anasema hakujua ni lini alipoacha kuwa upande wa wageni. Alijishtukia tu amemkamata baba mkono, akipiga kelele kwa nahodha Austin Oduor na wenzake wauondoe mpira. Kipenga kilipolia, mabao mawili ya Tunis yaliyashinda yote. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyopata kombe la bara zima. Siku iliyofuata mjomba alirudi kuwa wa Leopards, wala hakuona kuwa amefanya kosa.

Baadaye ilikuja njaa, na iliwapata wote. Leopards haijauona ubingwa wa ligi tangu mwaka 1998. Gor iliukosa kutoka mwaka 1995 hadi 2013. Na Harambee Stars, baada ya Kombe la Afrika la mwaka 1992, haikulicheza tena mpaka mwaka 2004. Nafuu zilipokuja zilikuja kwa njia ya zamani. Mwaka 2019 huko Cairo, Kenya iliposhinda Tanzania mabao matatu kwa mawili, nahodha alikuwa Victor Wanyama, ambaye alipitia Leopards na ambaye baba yake aliichezea klabu hiyo. Na mabao mawili yalifungwa na Michael Olunga, aliyewahi kuwa mfungaji wa Gor. Na mwaka 2022 FIFA ilipoifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia uongozi wa mpira, timu ya taifa ilikaa miezi mingi bila mechi. Klabu hazikukaa. Vijana waliendelea kucheza ligi, na adhabu ilipoondolewa mwezi wa Novemba wachezaji wa kuitwa walikuwako.

Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani yalifanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa kanuni, hakuna aliyeruhusiwa ila anayecheza katika ligi ya nchi yake, hivyo timu yetu ilikuwa klabu zetu tupu zilizovalishwa jezi moja. Niliwapeleka wazee wangu wawili Kasarani. Katika mchezo wa kwanza Austine Odhiambo wa Gor aliifunga Kongo, na baba alimtazama mjomba kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Juma moja baadaye tulirudi kucheza na Morocco. Ryan Ogam akafunga, uwanja ukatikisika, na mjomba akanivuta shati akauliza, "Huyu naye ni wa timu gani?" Nikamwambia ametoka Tusker. Akamtazama baba, baba akamtazama yeye. Kisha wote wawili wakasimama, maana mpira ulikuwa umekwisha wekwa katikati, na Morocco walikuwa wanakuja.