Kitani, Chai na Mwamba Duni

Ukipanda matatu kutoka Kericho kwenda Litein, utaona majani ya chai mpaka macho yachoke. Huwezi kuamini kwamba ardhi hii iliwahi kuhesabiwa hasara.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 hivi za Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Mradi huo, BEADOC, ulipanda kitani kwa sababu bei yake ilikuwa juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bei ikaanguka, mradi ukafa. Je, wenyewe walirudishiwa ardhi yao? Wapi! Sehemu kubwa iliishia kwa kampuni za chai. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni zao na soko.

Hadithi hii hunijia kila ninaposikia mwamba fulani wenye madini ukiitwa duni. Chukua kromaiti, inayotoa kromi ya kutengeneza chuma cha pua. Chini ya chai ya Kericho usiitafute, kwa maana huko ni lava iliyoganda. Katika Kenya, elekea Sekerr, Pokot Magharibi.

Mtaalamu akiipima huangalia asilimia ya kromi, uwiano wake na chuma, na tani zilizopo. Kisha anauliza kuhusu maji, barabara, umeme na bei. Zamani viwanda vilipenda uwiano wa kromi 3 kwa chuma 1. Kromaiti nyingi ya Afrika Kusini ina karibu 1.5 tu, kwa hiyo ilidharauliwa. Halafu mwaka 1968, huko Marekani, tanuru linalopuliza arigoni na oksijeni likaanza kazi kiwandani. Liliondoa kaboni bila kupoteza kromi nyingi, na malighafi ya bei nafuu kutoka kwenye mwamba ule uliodharauliwa ikapata soko. Mwamba wenyewe haukuwa umebadilika hata chembe.

Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, kaunti 20, serikali kuu 70. Ni hatua. Lakini ripoti ikisema mwamba wenu ni duni, kabla ya kutia sahihi yoyote ulizeni: duni kwa bei ya mwaka gani, na kwa tanuru lipi? Pale Kericho, hakuna aliyewauliza Wakipsigis chochote.